Shuka Kwa Jiwe

Adikinyi, ukifika Kondele usiulize mtu njia.
Shika barabara ya Kakamega, ile inayopanda,
pita Mamboleo, pita uwanja wa maonyesho,
hadi gari libadilishe sauti kama mzee anayeinuka kitini.
Hapo umeanza Riat.
Sema: Kwa Jiwe. Watakushusha.
Hata watoto waliozaliwa juzi wanapajua Kwa Jiwe.

Ukishuka, usilitafute jiwe.

Unalikumbuka lakini? Kubwa kuliko nyumba ya dani,
na ufa begani, mijusi ya vichwa vyekundu
ikiota jua humo kama wazee wa baraza.
Tuliliteleza kwa makalio hadi sare zikatoboka,
mama akatuchapa kwa zamu, wewe kwanza.

Mwaka ulioolewa Mumias, miwa ingali na bei,
mama alilipiga nyundo ya kwanza.
Hakulichukia. Alikuwa na karo.
Alianza pembeni, kama mgeni anavyomega ugali,
debe moja,
debe tano,
kisha lori la Injendi kila Alhamisi
likirudi kinyumenyume juu ya mihogo yetu.
Miaka saba.
Siku ya mwisho aliketi pale lilipokuwa,
vumbi jeupe kwenye kope, akatazama chini kule, akasema:
Kumbe lilikuwa limetuzibia ziwa.

Tuliliona ziwa miaka miwili tu, dada.

Maana barabara ilipopanuliwa, ardhi nayo ilipanda bei,
shamba likaitwa ploti, hamsini kwa mia,
na kila aliyekuwa na mkopo akaja na fundi.
Kulia kwetu ni nesi wa zamu ya usiku,
nguo zake huanikwa alfajiri, sisi tukiamka.
Kushoto wachungaji wawili, kila mmoja na spika zake,
Mungu hapa hana usingizi.
Mageti ni ya rangi ya damu ya mzee, marefu,
na mbwa nyuma yake hubwekea wenyeji
na kuwanyamazia wageni.
Mabomba yamefika. Maji bado yako njiani.
Kigingi cha mpima ardhi kimesimama
kati ya kaburi la kwaru na choo cha jirani,
na wote watatu wanadai mpaka.

Na Injendi amejenga. Ghorofa nne, vigae vya buluu,
mbele yetu kabisa.
Mimi nilibeba kokoto hizo kwa karai, nazijua:
zile za kijivu zenye chembe zinazometa.
Zimo kwenye nguzo, zimo kwenye ngazi,
wapangaji wanapanda na kushuka juu ya utoto wetu
wakiwa na mifuko ya sukuma wiki.
Jiwe lilirudi mahali pake, Adikinyi.
Limesimama wima safari hii,
limetuzibia ziwa tena.

Jingine sikutaka kukuambia kwa simu.
Watu wa barabara walikuja na kopo la rangi nyekundu,
wakachora X kwenye kibanda cha mama.
Mama, ambaye darasa aliliona kwa dirishani,
aliitazama alama ile muda mrefu,
kisha akamuuliza yule kijana mwenye brashi:
Mwalimu, ni hesabu gani nimekosa?
Kijana hakujibu. Alipiga picha, akaenda kwa nesi.

Basi ukishuka, vuka polepole, tazama pande zote mbili,
malori ya mchanga hushuka mlima huu bila heshima.
Upande wa pili tega sikio.
Siku hizi mama hununua mawe, ndiyo, hununua,
yanakuja kwa mkokoteni kutoka huko juu Kiboswa,
naye anayagonga chini ya ile X
kana kwamba ni jina la duka.
Fuata mlio wa nyundo.
Kama husikii kitu, usishtuke mapema,
huenda ni saa ya chai.
Njoo na mkate.