Ulizamia Wapi?

Walikuwa watano mezani, na chupa sita za maji.
Wa katikati aligeuza cheti changu
kama anayekagua noti ya elfu kumi kwenye mwanga.
"Uzamivu," akasoma. "Kwa masafa."
Akatua hapo, pumzi ikamtoka puani.
"Sasa, Bi Ntilampa, wewe ulizamia wapi?"

Nilitaka kusema: Katubuka, chumba cha uani,
saa nane usiku, mtoto mgongoni,
umeme umekatika, nahesabu kwa tochi ya simu
dagaa waliooza kwenye chanja za Kibirizi
msimu wa mvua, na mkopo wa nani umeoza nao.
Miaka saba. Msimamizi wangu nilimjua kwa sauti
na kikohozi.
Siku ya kutetea, mtandao ulikata mara tatu;
mara tatu nikaanza upya: "Waheshimiwa..."

Nikasema tu, "Hapahapa Kigoma, mzee."
Mmoja akacheka.
Mwingine akapiga mstari, akafunika kalamu.

Kwao elimu ni bweni,
ni kupanda treni na kurudi na lafudhi;
aliyebaki nyumbani hajalowa.
Na ziwa lenyewe wanalipita kila asubuhi,
wanalijua juu juu.

Nikiwa getini nasubiri mvua ipungue,
yule wa katikati akanifuata, koti kichwani,
akachungulia nyuma yake, akashusha sauti:
"Samahani, daktari. Hizo fomu...
mwisho wa kuomba ni lini?"