Hesabu ya Mkaa

Nyumba ya tatu niliinunua Mkomani
kwa warithi kumi na mmoja.
Saini tisa zilipatikana papa hapa Amu,
ya kumi ilisafiri kutoka Maskati,
ya kumi na moja ni dole gumba la bibi kipofu
aliyeniuliza, wino haujakauka kidoleni:
"Mkunazi wa kiwandani bado upo?"
Nikamwambia upo.
Ulikuwa kisiki.

Wahenga walisema ziba ufa.
Hawakusema bei.

Ukuta wa mashariki ulikuwa umeota tumbo.
Dari ya msana ilishuka hadi ukiinua mkono
unashika unga wa mchwa.
Fundi Shekuwe alipita akigonga boriti kwa fundo la kidole,
moja moja, akisikiliza,
kama tabibu asiyetaka kuwatisha jamaa wa mgonjwa.
"Hini hai. Hini hai. Hini imekufa zamani,
imejikaza kwa haya tu."

Mimi nyuma yake, naandika simuni:
boriti arubaini,
chokaa magunia mia na ishirini,
mchanga, na punda wa kuuleta,
maana kichochoro chetu
hata toroli hupita kwa kuomba radhi.

Nilitaka saruji. Nakiri.
Saruji hukauka kesho, chokaa hudai miezi,
na mkopo wa benki haujui kungoja.
Shekuwe akaweka mwiko chini.
"Bi Arafa, hili tumbawe lilizaliwa majini,
hata leo lavuta pumzi, latoa chumvi.
Lifunge mdomo kwa saruji
litatapika ukuta mzima, mnunuzi yu kitandani."
Nikafuta saruji.
Nikaongeza miezi minne.
Nikauza bangili mbili.

Dalali Sagafu hupiga simu kila Ijumaa baada ya sala:
mteja wa Nairobi anauliza kidimbwi cha kuogelea kitakaa wapi,
mteja anauliza punda hulala saa ngapi,
mteja anataka weupe, weupe mtupu,
kama aliouona pichani.

Siku ya kubandua lipu ya nyumba ya kati,
tabaka la tano lilipoanguka,
ukuta ukatoa maandishi.
Mkaa. Herufi za Kiarabu, maneno ya Kiamu.
Shekuwe akavaa miwani yake ya kamba, akasoma:
Boriti, korija mbili.
Chokaa, tanuu moja na nusu.
Kitoweo cha mafundi, siku sabini.
Deni la dukani, bado.
Na chini kabisa, mkono ukitetemeka:
Mtayi umekwisha, dari haiyaisha.

Tulicheka hadi vumbi likatupalia.
Kisha mimi nikanyamaza,
kwa kuwa usiku uliopita, simu kifuani,
nilikuwa nimefika mstari huo huo.

Je, dari yake iliisha?
Iliisha. Ndiyo hiyo juu yetu, na wafu wake.
Nani aliilipa, ukuta haukusema.

Sagafu alipopata habari alikuja mbio, kandambili mkononi.
"Weka kioo! Weka taa ndogo!
Hapo unaongeza laki tatu kwenye bei."
Laki tatu ni dari nzima ya msana, na choo.
Siku tatu niliukwepa ukuta ule
kama mtu anayemkwepa mdai wake.

Siku ya nne niliokota kaa kwenye jiko la mafundi,
nikaandika chini yake, kwa mwandiko wangu mbaya:
Boriti thelathini na nane.
Chokaa magunia mia na arubaini, siyo ishirini.
Bangili mbili.
Mche wa mkunazi, shilingi mia tatu.
Faida —

hapo nikaacha wazi,
nikampisha Shekuwe na ndoo yake nyeupe.