Macho ya Mitumba

Yalifika Chiromo kwa pikapu ya kukodi,
macho arobaini na mawili ya kioo,
kila moja limeviringishwa gazeti la lugha nisiyoijua,
yamestaafishwa na maabara iliyofungwa ng'ambo.
Karatasi ya forodha ilisema: taa mbovu.
Nyamoita akacheka. Taa hutoa nuru, akasema,
hizi huinywa.

Mama aliuza mitumba Gikomba miaka kumi na tisa.
Belo likikatwa kamba hakutazama rangi.
Aliingiza mkono, akapapasa mshono wa kwapa,
akauvuta ukosi kidogo.
"Kamera," akasema. Au akatupa kando bila neno.

Nami napapasa. Natafuta ufa shingoni,
pini iliyopinda,
utando wa ndani, kahawia kama chai ya rangi,
kama haujabanduka.
Lakini jicho halijulikani kwa vidole.

Basi nalifunika: kitambaa cheusi mara mbili,
utepe kila pembe,
na sanduku alilotuchongea fundi Kilundo
ambaye siku nyingine huchonga majeneza.
Hakuuliza la nani.

Volti elfu moja na mia tatu, polepole,
kama unayemwamsha mgonjwa.
Kisha kungoja, kwa maana jicho lililotoka mwangani
hupayuka kwanza.

Namba saba: kimya. Kimya mno.
Namba nane: mapigo elfu tisa kwa sekunde
na mle ndani hamna kitu.
Nyamoita anaandika daftarini: mzushi.
Namba kumi na mbili limevuta hewa njiani,
ukiliuliza mara moja linajibu mara mbili.
Saa nane usiku stima ikapotea.
Tukaanza upya, midomo ikitetemeka kwa baridi ya Julai.

Silitaki jicho linaloona mengi.
Nataka lile ambalo gizani hukiri ni giza,
na chembe moja ya nuru ikipita,
moja tu,
liape.

Ishirini na tatu lilikuwa kuukuu kuliko yote,
limekwaruzwa, namba yake ya kwanza imeandikwa kwa penseli
na mtu aliyekuwa na mwandiko mzuri.
Tuliliweka mwisho wa zamu, bila tumaini.
Likatulia.
Tukalimulikia kidogo, kidogo kuliko kidogo,
na kwenye skrini kikapanda kilima,
kimejitenga na kelele, mabega yake sawasawa.
Halafu, bila sisi kugusa kitu,
pigo moja refu:
kitu kilichozaliwa juu ya mawingu
kimepenya paa, sanduku la Kilundo, kioo, meza, sakafu,
kikaenda zake.

Nyamoita alinitazama, kalamu hewani.

"Kamera," nikasema.
Lete ishirini na nne.