Mpini kwa Mwenzio

Miaka kumi na tisa nilishika mpini.
Kiwandani Sioux Falls, kwenye mkanda usiosimama,
bega la nguruwe, bega la nguruwe, bega,
vidole vimeganda ndani ya glavu ya chuma.
Kisha bega lililochoka likawa langu.

Sasa nina miaka arobaini na minne,
nimekaa dawati la mbele kama mtoto wa darasa la kwanza,
na Bi Corliss Vandersloot, mfupi, sauti ya kijiko kwenye kikombe,
ananifundisha kushika makali.

"Hapa mpini si wako, Verlyn.
Mpige nao daktari kiganjani, ausikie bila kuutazama.
Macho yake yako kwenye jeraha.
Yako yawe kwenye dakika ijayo."

Usiku nakariri vyuma kama majina ya ukoo:
Kelly, Kocher, Babcock,
wazee waliokufa wakaacha majina kwenye vibanio.
Ardith, mke wangu, ananyanyua kadi moja moja
huku theluji ikipanda dirisha la jikoni.
"Hiki?" Allis. "Na hiki?" Sijui.
"Jana ulikijua."
Jana nilikuwa na akili.

Siku ya kushona tuliletewa miguu ya nguruwe.
Wenzangu, vijana wa miaka ishirini, wakakunja pua.
Mimi nilicheka mpaka barakoa ikanipanda machoni.
Salaam, bwana. Tumekutana tena.
Wenzako nimewakata maelfu kwa maelfu;
wewe ndiwe wa kwanza ninayekufunga.

Halafu kunawa. Nani alijua kunawa ni elimu?
Kucha, kila kidole pande zake nne, kiganja, hadi juu ya kiwiko,
mikono imeinuliwa kama ya mtu anayesalimu amri,
maji yateremkie kiwikoni, yasirudi kamwe vidoleni.
Ukishavaa joho, kifuani hadi kiunoni ndiyo nchi yako;
chini ya hapo ni ugenini.
Na meza ni safi kwa juu tu.

Mwezi wa tatu, asubuhi, kidole tumbo cha dereva wa trekta.
Daktari Okerlund ananyoosha kiganja, neno hasemi.
Natoa. Anapokea. Natoa.
Nikageuka kuchukua uzi,
kidole changu cha mwisho kikagusa chini ya ukingo wa meza,
mguso wa nzi kwenye kioo.

Hakuna aliyeona.
Tashina alikuwa anaandika. Bi Corliss alitazama saa.
Kule kiwandani, kisichoonekana hakikuwepo;
mkanda ulikwisha kukichukua.
Hapa kuna mtu amelala, bomba mdomoni,
ameniachia tumbo lake wala jina langu halijui.

"Nimegusa," nikasema.
Sauti ilitoka ndogo, ya mtoto aliyevunja bilauri.
Okerlund akangoja. Mashine ikahesabu pumzi.
Glavu ikavuliwa, mpya ikavaliwa. Labda nusu dakika.
Hakuna aliyenisifu.
Bi Corliss alisema tu, "Uzi, Verlyn. Anasubiri."

Kabla ya kufunga tukahesabu kwa sauti,
mimi na Tashina, kitambaa kwa kitambaa,
damu imevifanya vyote ndugu,
nane, tisa,
(cha kumi kilijikunja chini ya koleo, kikanipa homa)
kumi.
Viliingia kumi, vimetoka kumi.

Kule sikuwahi kuhesabu.
Hakuna aliyekuwa anashonwa.

Jioni Ardith aliomba kisu cha mkate.
Nikampiga nacho kiganjani, mpini mbele,
akashtuka, akanitazama,
makali bado yako vidoleni mwangu.

"Ungeweza tu kusema 'shika,'" akasema,
akaanza kukata.