Kidole cha Fundi Jalada

Barua ya mwaliko ililetwa na kijana wa bodaboda,
jina langu limekosewa: Nderingu.
Nikalisahihisha kwa penseli kabla ya kuitia mfukoni,
mazoea ya miaka thelathini na minane
ya kunyoosha migongo ya vitabu vya watu.

Moshi ilikuwa na baridi ya Julai,
ile inayoingilia kisiginoni.
Mlima umejifunika hadi utosini.
Nikaupita Mnara wa Saa na koti langu la harusi,
gundi ya jana vidoleni imekataa kutoka.

Ukumbini viti vimevishwa vitambaa vyeupe kama wanakwaya.
Binti wa kampuni, Aikande, mtoto wa Oforo wa Kiboriloni
(niliwahi kumshonea daftari la hesabu akiwa darasa la tatu)
akakinyanyua hicho kisomeo chao:
chembamba
kama sabuni ya mwisho wa mwezi.

"Hakina waya," akasema. "Vitabu vinakuja kwa hewa."
Watu wakatazama dari.
Na mimi nikatazama,
nikidhani nitaona walau kimoja kikipita,
kinatafuta pa kutua.

"Elfu tatu humu ndani, na uzito hauongezeki."
Hapo nikashika kiuno.
Nimewahi kubeba Biblia za usharika kutoka Mamba,
masika, njia ni utelezi mtupu,
shati limefunika vitabu, kifua kimeachiwa mvua.
Uzito naujua. Bado unaishi nyonga ya kushoto.

Wakaniita mbele. "Mzee wa vitabu!" Makofi.
"Gusa, baba, ukurasa utageuka."
Nikagusa. Kimya.
Nikagusa tena, nikakandamiza kama ninayebandika.
Kioo hakikunijua.
Sindano na uzi wa nta vimenifuta alama za vidole;
hata siku ya kitambulisho cha taifa mashine ilinikataa mara nne,
karani akaniuliza kama sina vidole vingine.

Ukumbi ukacheka, kicheko cha kunisitiri.
Aikande hakucheka.
Akaushika mkono wangu, akaukunja,
akanionyesha kifundo: "Tumia hapa.
Hapa hapajafanya kazi."
Nikagusa kwa kifundo, kama mtu anayebisha hodi,
ukurasa ukageuka
bila sauti.

Sauti ndiyo niliyoikosa.
Karatasi ikigeuzwa husema kitu, si neno,
ni kama mama anayekunja kanga gizani
asiwaamshe watoto.

Kisha akatanua vidole viwili juu ya kioo
na herufi zikanenepa kama ndama wa vuli.
Miaka minne, tangu Ndeshi anitoke,
sijasoma kitu kwa macho yangu.
Nashona vitabu nisivyoviona,
mpishi aliyefunga.
Sasa, a, na be, na nukta zake, zote zimekuja karibu.
Kilikuwa kitabu cha ufugaji wa nyuki.
Sina mzinga.
Nikasoma kurasa sita nimesimama,
sambusa zikapoa, mgeni rasmi akatazama saa.

Maswali? Nilikuwa na moja.
"Kikichanika, nishone wapi?"
Aikande akafikiri. Alifikiri kwa haki.
"Hakichaniki, baba. Huzima tu."
Neno hilo nikalitia mfukoni pamoja na barua.

Usiku nikakipima kwa kumbukumbu:
shibiri moja kasoro, unene wa biskuti.
Nikakata ngozi ya mbuzi, masalia ya zile Biblia,
nikashona pembe tatu, ya nne nikaiachia kitufe.
Na upande wa ndani nikaweka kijimfuko,
maana vitabu elfu tatu vyote vile
na hakuna hata kimoja chenye pa kuficha
jani la kahawa, risiti ya dawa, tiketi ya treni ya zamani,
vitu ninavyovikuta kila nikifumua mgongo,
na sijawahi kuvitupa.