Bitana

Mwaka wa pili wa maumivu niliuza gunia tatu za korosho
zilizobaki hadi mnada wa mwisho, kwa bei ya kuhurumiwa,
nikalala juu ya kitanda cha rekzini, hospitali ya Newala,
sketi nimeishusha hadi nyonga.
Skolastika Chitanda akasema, jeli ni ya baridi, usishtuke.
Nikashtuka.

Mama mkwe alikwisha sema ni mzimu wa upande wetu.
Wa duka la dawa alisema vidonda vya tumbo, akanipa vidonge vyeupe,
halafu vya njano, halafu akanishauri nipunguze pilipili.
Mume wangu hakusema. Aligeukia ukutani,
nami nikageukia mlangoni,
shuka katikati yetu imenyooka kama imepigwa pasi.

"Kovu lako limepona vizuri," Skolastika alisema, akipitisha kidole
pale waliponipasua nilipomzaa Shaweji.
Huko nje, nikasema.

Akakandamiza kifaa. "Vuta pumzi. Iachie. Vuta tena, ndefu."
Kiooni ilikuwa mvua ya majivu,
na ndani ya majivu kitu kimelala upande.
"Hicho kizazi. Ukipumua kinatakiwa kiteleze
chini ya ukuta wa tumbo, kila kimoja na njia yake."
Nikavuta.
Ukuta ukaenda, na kizazi kikaenda nao,
kinaburutwa, kama mtoto aliyeshikwa mkono na hataki shule.
Akasukuma kwa kiganja cha kushoto. Vilevile.

"Umeona?"
Mimi ni fundi cherehani. Niliona kabla hajauliza.
Nalijua koti ambalo bitana yake imeshikwa kwa bahati mbaya
na mshono wa juu: kwa macho halina kasoro,
limetulia kwenye msumari wake,
ila mwenyewe akiinua mkono linamvuta kwapani
na hajui kwa nini, anadhani amenenepa.

Nikacheka. Machozi yakaingia masikioni,
nililala chali, hayakuwa na pengine pa kwenda.
Miaka miwili naitwa mvivu, kumbe kuna uzi.

"Unaufumuaje?"
Akanifuta jeli kwa karatasi, taratibu, hata pasipo na jeli.
Daktari wa Ndanda atakuja Alhamisi, akasema, atanieleza.
Wengine hufunguliwa.
Lakini mwili ukikatwa hauulizi mtu, hushona tena palepale.
Na kifaa hiki hakioni kila uzi, akasema. Huu tumeuona.

Huu tumeuona.
Nilitembea nayo hadi nyumbani, kati ya mikorosho iliyopakwa salfa,
mkono tumboni, bila kujificha.

Usiku nikachukua koti la mteja,
nikaipiga bitana uzi mmoja kwapani, kwa makusudi,
nikamvalisha mume wangu.
Inua mkono, nikamwambia.
Akainua.
Akabaki hivyo, mkono nusu hewani, ananitazama.