Bwawa la Saba

Juni, Tukuyu. Ukungu umelala juu ya maji
kama mgeni ambaye hakuna athubutuye kumuuliza ataondoka lini.
Nimevaa makoti mawili na cheo kimoja:
Mkuu wa Mradi, Ufugaji wa Samaki Nyanda za Baridi.
Cheo hakina joto.

Mabwawa kumi na mawili tuliyachimba kwa majembe,
wanafunzi, vibarua, na mimi na kiuno changu cha miaka hamsini na moja.
Vifaranga tulivitoa Kyela, kwenye mifuko iliyotunishwa hewa,
nikavipakata garini njia nzima ya kupanda,
nikiviomba radhi kila kona:
huko mwendako, wanangu, maji yanauma.

Swali letu ni dogo, linaenea kiganjani:
perege akikaa kwenye baridi hii, atakula? Atakua?
Mama wa Kiwira atamuuza Desemba,
au atazeeka akiwa na urefu wa kidole?

Kwa swali hilo nimeandika barua mia,
nimekaa ofisi za watu mpaka kiti kikanizoea,
nimeomba dizeli, nimeomba pumba,
nimeomba muhuri uliokwenda likizo na mwenye muhuri.
Samaki sijawagusa tangu Pasaka.
Ndivyo cheo kinavyopanda: unaacha kulowa.

Jana usiku nikafungua daftari la bwawa la saba.
Alfajiri, nyuzi kumi na tisa.
Alfajiri, nyuzi kumi na tisa.
Siku ishirini na mbili, kumi na tisa,
mwandiko mzuri, wino mmoja,
maji yaliyonyooka kama rula.
Nimezaliwa mlimani hapa.
Sijawahi kuona asubuhi mbili zinazofanana.

Kulipokucha Lusajo alisimama mlangoni.
Sikumuuliza kitu. Nilimtazama viatu:
vikavu, saa kumi na mbili, katika nyasi za Juni.
"Daktari," akasema, kisha maneno yakamwishia.
Halafu, kwa sauti ya mtoto:
"Kipimajoto kilivunjika. Niliogopa kukwambia."

Kilivunjika.
Na ni mimi niliyebandika lile tangazo
kwamba atakayevunja kifaa atakilipa.
Laki moja na themanini. Posho yake elfu sitini.
Hesabu hiyo sikuwahi kuifanya,
mimi niliyepewa shahada tatu kwa kuhesabu.

Nikachukua kalamu nyekundu.
Siku ishirini na mbili, mstari mmoja mrefu.
Matokeo mazuri kuliko yote tuliyonayo
yakaenda na maji, na ripoti ya wafadhili ni Ijumaa.

Ndipo Tusekile, anayelisha, anayefagia,
ambaye kwenye bajeti jina lake ni "kibarua, mmoja",
akanivuta mkono hadi nyuma ya stoo.
Ukutani, kwa mkaa, vistari, vistari:
kila asubuhi, vikombe vya chakula walivyokataa samaki.
Viwili. Vitano. Kimoja.
Tisa, siku ile ukungu ulipogoma hadi adhuhuri.
"Nilikuwa nahesabu hasara," alisema.
"Chakula ni hela. Nilijua ipo siku utauliza."

Sikuwa nimeuliza.
Karatasi ilinidanganya mezani kwangu
na ukuta ukanisubiri, hatua arobaini kutoka ofisini.

Tumeshinda pale hadi saa nane,
Lusajo akisoma vistari kwa sauti, mimi naandika,
Tusekile akitusahihisha: hapana, hicho si kistari,
hapo nilifuta mkono.
Chanzo cha takwimu, nimeandika: ukuta wa stoo, mkaa,
T. Mwakibinga.
Wafadhili wakicheka, na wacheke.
Wakikata fedha, sijui.

Tangazo nimelibandua. Gundi imebaki.

Kisha nimevua viatu, nimekunja sketi,
nimeingia bwawa la saba mpaka magotini.
Kitu kidogo, chepesi, kimenigusa kisigino kikapita.
Kipimajoto hatuna hadi mwezi ujao.
Lakini miguu imesema, na nimeiandika hiyo pia:
chini ya kumi na tisa. Chini sana.